Waacheni Wafume Chini ya Mwembe

Nataka kusema neno juu ya jambo lililozungumzwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani muhula uliopita. Nilikuwapo, nami nikanyamaza. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama yupo mwenye la kusema, nikaangalia viatu vyangu. Tangu siku ile najilaumu, na kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni wale vijana watano wafumao chini ya mwembe, nyuma ya jiko. Ninyi mlioko shuleni mwawajua. Ninyi mliotoka zamani huenda mliwaona siku ya wageni, mkadhani wanaanika nguo. Kila Jumatano na Jumamosi jioni, wakiisha kufagia uwanja, hupigilia vigingi ardhini, hufungua mafurushi yao, hukaa chini na kufuma mpaka kengele ya chakula. Hakuna mwalimu awaamuruye wala mtihani unaowangoja. Vitanda vyao vya kufumia wamevitengeneza wenyewe kwa fito walizokata katika ua wa shule, kwa ruhusa ya mtunza bustani.

Katika mkutano yalitoka mawazo mawili. Mzee mmoja alisema ya kwamba hakumleta mwanawe hapa, na kulipa karo yote ile, ili ajifunze kukaa chini kama mwanamke asukaye mkeka. Wazo la pili lilitoka kwa mtu mwenye nia njema. Alisema kazi ni nzuri, tena yaweza kuleta faida. Basi vijana wahamishiwe ndani ya ghala la zamani, wapewe nyuzi, wafume skafu 60 za rangi za shule, nazo ziuzwe siku ya sikukuu yetu mwaka ujao. Watu wakapiga makofi. Kamati imeombwa itoe shauri muhula huu. Mimi nayapinga mawazo yote mawili, na lile lililopigiwa makofi ndilo nalipinga zaidi.

Lile la kwanza halitanichukua muda. Kama kufuma ni kazi ya mwanamke au ya mwanamume, hilo lategemea umezaliwa wapi. Kule Kasai, katika Kongo, Wakuba hufuma nguo za nyuzi za rafia, na wafumaji ni wanaume. Wanawake ndio wanaozitia nakshi kwa sindano. Waashanti wa Ghana, wafumao kente, kwao tangu zamani ni kazi ya wanaume. Wayoruba wa Nigeria wamegawana: wanawake hutumia kitanda kipana kilichosimama wima, wanaume hutumia kile chembamba kinachotoa nguo kama utepe mrefu, kisha tepe hushonwa pamoja. Yule mzee wetu alikuwa amevaa tai nzuri sana. Sidhani kwamba alipoinunua aliuliza ilifumwa na nani.

Lakini nieleze kitanda chenyewe, maana wengi waliosema juu yake mkutanoni hawakupata kukisogelea.

Vigingi ni vinne, vya mti mgumu, kila kimoja kama urefu wa mkono toka kiwiko hata vidole. Viwili hupigwa huku, viwili kule, mbali kwa hatua mbili au zaidi. Ufito mmoja ulionyoka hufungwa kwenye vigingi vya huku, wa pili kwenye vya kule, na kati yake hutandwa nyuzi za urefu, ndizo zinazoitwa mtande. Kiswahili chatumia neno moja, kitanda, kwa kitu cha kulalia na kitu cha kufumia, wala si ajabu, kwa kuwa vyote viwili ni kazi ya kutanda. Uzi huzungushwa toka ufito hata ufito kwa mfano wa tarakimu ya nane, ili nyuzi zipishane katikati. Asahauye kuzipishanisha atagundua kosa lake saa mbili baadaye, akiwa ameisha kufunga kila kitu, na jioni yake imekwisha.

Hapo zimebaki nyuzi za shufwa na nyuzi za witiri. Kijiti kimoja hupitishwa katika mapishano ili kuzitenga. Kijiti cha pili hufungwa vitanzi vidogo vya uzi, kila kitanzi kikishika uzi mmoja wa witiri. Ukikiinua kijiti hicho na kukiegemeza juu ya mawe mawili, nyuzi zote za witiri huja juu pamoja, pakawa na nafasi kama mlango, na mshindio hupita toka kushoto kwenda kulia. Ukikishusha, na kukivuta kile kijiti cha kwanza karibu nawe, za shufwa ndizo zilizo juu, na mshindio hurudi. Kila upitapo hushindiliwa kwa ubao mwembamba uliochongwa kama upanga. Hiyo ndiyo siri yote. Hapana msumari hata mmoja, wala gharama hata ya senti moja, nacho kinatoa nguo kwa kanuni ile ile inayofuatwa na mashine za viwandani. Mwaka 1920, katika kaburi la Mmisri mmoja aliyeitwa Meketre, palichimbuliwa vielelezo vidogo vya mbao vyenye umri wa miaka karibu 4,000. Kimojawapo ni karakana ya wafumaji, na vitanda vyake vimelazwa chini hivyo hivyo.

Sasa mwaelewa kwa nini vijana hukaa nje. Ghala la zamani lina sakafu ya saruji. Ningependa kumwona mjumbe wa kamati akipigilia kigingi katika saruji! Tena lina dirisha moja na taa moja, na mtu afumaye uzi mweusi karibu na uzi wa buluu ya giza hawezi kuona alipo. Mvua ikija, wanang'oa vigingi, wanaviringisha kazi yote kwenye fito, wanakimbia barazani. Mabedui wa jangwani hufanya vivyo hivyo wakati wa kuhama. Adui wa kweli si mvua bali ni umande, kwa maana mtande wa pamba ukilala nje hukaza usiku na kulegea mchana, ukaharibika. Na mbuzi. Juu ya mbuzi sitasema zaidi.

Nimejuaje haya yote? Nilifundishwa papo hapo, chini ya mwembe ule ule, na mwalimu wetu wa kazi za mikono, ambaye sasa ni marehemu. Alitufundisha mambo mawili, kufuma na kuchonga. Kuchonga ndiko kulikopendwa. Tulikuwa vijana kumi na wanane wenye visu, tukichonga chochote kilichotupendeza, samaki, ndege, hata kichwa cha kiranja mkuu, ambacho hakikumpendeza. Basi wakubwa wa shule wakaona, wakafurahi, wakaagiza miiko 100 ya kuuzwa. Mwiko wa kwanza niliuchonga kwa furaha. Wa nne niliuchonga kwa sababu jina langu lilikuwa katika orodha. Mwisho wa mwaka miiko ilitimia, ikauzwa, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeshika kisu cha kuchongea mwaka uliofuata. Mimi mwenyewe tangu siku ile sijachonga kitu. Kufuma hakuna aliyekuagiza, kwa kuwa hakuna aliyeziona nguo zetu kuwa za maana, na hiyo ndiyo sababu kulibaki katika vidole vyangu.

Nilikuja kujua ya kwamba kumebaki mwaka 2020. Mtakumbuka mwezi wa Machi ulivyokuwa. Shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, magari yakazuiwa, na ofisi nilimokuwa karani ikatuambia twende nyumbani bila mshahara. Nilikwenda kijijini kwetu upande wa Masaka, nikakaa na mama yangu na mpwa wangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la tano la msingi. Tulidhani ni majuma machache. Kama mjuavyo, si wanafunzi wote waliorudi mapema. Shule hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022.

Mpwa wangu alisoma vitabu vyake mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili aliviangalia. Baada ya hapo aliviweka juu ya kabati, akawa hukaa mlangoni akitazama barabara. Wenziwe wa rika lake wakaenda kufyatua matofali, na wengine wao hawakurudi darasani hata leo. Mama yangu aliniambia, "Wewe uliyesoma, mtafutie mtoto kitu cha kufanya." Sikuwa na kitu. Nilikuwa mtu mzima asiye na kazi, nami pia nilikuwa nikitazama barabara, ila nilijificha zaidi.

Siku moja nilikata fito. Nilifumua sweta langu la zamani, tukatanda mtande uani, nami nikashangaa kuona mikono yangu yakumbuka mambo ambayo kichwa kilikuwa kimeyasahau. Mtoto akaja polepole, akauliza, "Mjomba, hiki ni kitu gani?" Nikamwambia ahesabu nyuzi. Zilikuwa 180, akahesabu mara tatu. Kitambaa chake cha kwanza kilianza na upana wa sentimeta 30 kikaishia na 19, kwa sababu alivuta mshindio kwa nguvu mno, kama wafanyavyo wote waanzao, na nguo ikawa na kiuno kama nyigu. Hakukifumua. Anacho mpaka leo.

Sisemi kufuma ndiko kulikomrudisha shuleni. Karo ndiyo iliyomrudisha, na mama yangu aliuza ng'ombe. Nasema tu kwamba katika siku zile, ambazo kila moja ilifanana na ya jana, alikuwa na kitu kimoja ambacho jioni kilikuwa kirefu kuliko kilivyokuwa asubuhi. Nami pia. Sasa yeye yupo hapa, ni mmoja wa wale watano. Nimelitaja hili wazi ili mtu asije akasema baadaye ya kwamba nilificha udugu wangu katika jambo hili.

Nyuzi zao hutoka katika masweta ya mitumba, au mivumba kama tusemavyo huku. Tendo hilo la kufumua nguo ya mgeni na kuifuma upya watu hulicheka, lakini halikuanza leo wala jana. Mreno aitwaye Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aeleza ya kwamba watu wa Sofala walikuwa na pamba yao na walifuma nguo nyeupe, ila hawakujua kuitia rangi. Basi walinunua nguo za buluu kutoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua, na kuchanganya nyuzi zile na nyeupe zao. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya nguo zilizofumwa mle mjini zikapelekwa mpaka Misri. Kilwa wachimbaji wamepata vigurudumu vingi vya udongo vilivyotumiwa kusokotea nyuzi. Na bara, Wanyamwezi na Wafipa walifuma pamba yao kwa vitanda vilivyolazwa chini, hata karne ya 19. Kisha zikaja kwa wingi nguo za kiwandani kutoka Marekani, ndizo merikani, na kidogo kidogo vitanda vikachakaa. Sisi wa Buganda hatukufuma pamba. Nguo yetu ilikuwa gome la mutuba lililogongwa kwa nyundo za mti, ambalo mwaka 2008 UNESCO iliingiza utengenezaji wake katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini leo Muganda, Mfipa na Mswahili wote ni sawasawa. Tunavaa nguo tangu tuzaliwapo mpaka tuzikwapo, na katika kila wanafunzi mia wa shule hii sijui kama kumi waweza kuniambia kwa nini shati halifumuki likikatwa ukosi. Hao watano waweza.

Hapa narudi kwa lile wazo la skafu 60. Kwanza hesabu. Skafu moja, kwa kitanda cha vigingi, humchukua kijana kama saa 14, kutanda na kufuma pamoja. Mara 60 ni saa 840. Vijana ni watano, na kila mmoja ana saa nne kwa juma. Jumla ni saa 20. Basi kazi itachukua majuma 42, na mihula yetu mitatu haifikishi majuma 40. Ama tuwaongezee saa kwa kuzitoa katika masomo, na hapo yule mzee mwenye tai atakuwa amesema kweli, ama sikukuu ifike bila skafu. Bado sijataja ya kwamba katika soko la Owino skafu nzuri ya sufu hupatikana kwa bei ndogo ukijua kupatana.

Lakini hata kama hesabu ingekubali, mimi nisingekubali. Shule hii, na sisemi kwa ubaya, hupima kila kitu. Mwanafunzi hupimwa kwa alama, bweni hupimwa kwa usafi, timu kwa magoli, na mwimbaji kwa kombe la mashindano. Chini ya mwembe ndiko mahali pamoja ambapo kijana akikosea hapotezi kitu ila jioni moja. Hufumua, akaanza tena. Mwezi uliopita nilimwona mmoja wao amekosea mpangilio wa mistari, akatazama kwa muda mrefu, kisha akalirudia kosa lile kwa makusudi kila baada ya vidole vinne, mpaka likawa nakshi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa jambo lo lote mwaka huu. Katika skafu 60 za rangi za shule, kosa lile lingerudishwa na mnunuzi, na kijana angeambiwa awe mwangalifu.

Najua watakaosema: wewe una mshahara sasa, ni rahisi kudharau fedha. Neno hilo lina uzito, nami nimelifikiri sana. Karo ni nzito, na wapo vijana hapa ambao shilingi elfu tano zingewaondolea aibu kubwa. Kijana akitaka kuuza kitambaa chake mwenyewe, na auze. Mmoja wao aliuza kimoja kwa mzazi fulani akanunua sabuni na kalamu, wala sina neno, maana kitambaa kilikuwa chake na shauri lilikuwa lake. Tatizo langu ni orodha yenye majina. Kama shule yahitaji fedha, sisi wanafunzi wa zamani tupo, tuna mifuko, na siku ile ya mkutano ilikuwa rahisi sana kupiga makofi kuliko kuifungua. Najihesabu miongoni mwao.

Basi ombi langu kwa kamati ni dogo. Waacheni walipo. Wasipewe mwalimu, ila wakimwomba. Ghala la zamani liwape rafu moja tu ya kuwekea mafurushi yao, kwa sababu muhula uliopita mchwa walikula vijiti vya vitanzi vya vitanda viwili vilivyoachwa barazani, na kufunga upya vitanzi 90 ni kazi ya siku nzima.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaotaka kusaidia, mje siku ya wageni na masweta mabovu. Mimi nitaleta sita. Ila kabla ya kulitia sweta mfukoni, ligeuzeni ndani nje mtazame mshono wa ubavuni. Ikiwa kando ya kipande ni nzima, yaani uzi umegeuka na kurudi wenyewe, sweta hilo litafumuka toka juu hata chini kwa uzi mmoja mrefu. Ikiwa kando imekatwa kwa mkasi kisha ikashonwa kwa mashine, msilete, litatoa vipande vifupi visivyofaa kitu. Pamba na sufu zote zafaa. Nyeusi tunazo nyingi. Vijana wanatafuta nyekundu.